Pembe ya Chini

Tsiala alikuwa akiipiga picha skrini kwa simu.
Anainuka kitini, anafumba jicho moja
kama fundi anayepima ukuta kwa timazi,
anabana pumzi, anabonyeza.
Kisha anajitumia barua pepe, yeye kwa yeye,
anaifungua, anaihifadhi, anasahau alikoihifadhi.
Dakika sita kwa ankara moja. Nilihesabu.

Mimi ndiye kijana wa mashine,
niliyeajiriwa kuzibua printa na kubadilisha nywila
katika kampuni ya maji ya chupa, Kutaisi,
ghorofa ya pili, ambako Januari
mto Rioni unasikika kuliko hita.

Nikamwambia, Bi Tsiala, weka simu chini.
Kidole hiki kwenye kitufe chenye dirisha,
hiki kwenye Shift,
na hiki kiguse S, mara moja tu, usikikandamize.
Skrini ikafifia kidogo,
kama chumba mtu anapopita mbele ya taa.
Sasa buruta. Zungushia unachokitaka.
Saa ya ukutani mwa skrini ya nini?
Tangazo la viatu la nini?
Kata ankara, iache dunia.

Mkono ulimtetemeka, pembe ya chini ikaliwa.
Akakata tena.

Na majina, nikasema. Si “picha”, si “picha mpya”,
si “picha mpya kabisa ya pili”.
Mwaka kwanza, ufuate mwezi, ifuate siku,
ndipo mteja. Zitajipanga foleni zenyewe
bila mtu kuzikemea.
Akaandika kwenye kipande cha boksi la chai
akakibandika chini ya kioo kwa plasta ya kidonda.

Kufikia Machi alikuwa ananishinda.
Wakaguzi walitoka Tbilisi na makoti yao marefu
wakidai risiti ya Novemba, ya mteja aliyekwishafilisika;
akawapa kabla kahawa haijatulia machicha.
Mchana, dada yake Lamara akimpigia kutoka Thesaloniki,
anakomwogesha bibi asiye wake kwa mshahara,
vidole vitatu vinashuka katikati ya maneno:
Lamara akicheka. Lamara na nywele alizozipunguza.
Lamara kafumba macho, mtandao umemganda hivyo.

Kisha mashine ikajaa.
Futa zile za zamani, aliniambia, za simu,
hazina kazi, nusu hazisomeki.
Elfu mbili mia tatu na kumi na moja.
Chagua zote, futa: vitufe viwili na kimoja.
Kidole kilikuwa juu ya hicho kimoja.
Nikafungua moja, kwa uzoefu tu.

Ankara imelala upande, ina mawimbi ya kijivu
kama kitambaa cha hariri kilicholowa.
Na pale skrini ilipokuwa nyeusi, kwenye ukingo,
kioo kilikuwa kimeshika chumba:
dirisha, jagi, mkono wa Tsiala na simu yake,
na nyuma yake mwanamume wa kofia ya sufu
anamenya chenza.
Nikafungua nyingine. Yupo. Koti lilelile.
Nyingine: kageuka, anatazama mto.
Nyingine: ganda zima la chenza
linaning'inia kidoleni, halijakatika.

Sikuwahi kumkuta Anzori.
Walinisimulia tu kwamba alikuwa akija saa kumi na moja,
hakosi, anasimama hapo hadi mkewe azime,
wakashuke ngazi pamoja.

Nilimwita. Sikujua niseme nini, nikasema,
hii hapa sijaifuta.
Aliketi. Hakulia, au alilia baadaye kwa dereva wa basi.
Alivuta kibodi,
dirisha, Shift, S,
akakizungushia kile kipande cheusi cha ukingoni,
kofia, koti, chenza,
akaiacha ankara nje.

Mwaka, mwezi, siku.
Pa mteja akapaacha wazi.

Pembe ya chini ilikuwa imeliwa.
Akakata tena.